Maikromita ya Inchi Moja Niliyoachiwa

Baada ya matanga ya fundi aliyenifundisha kukereza vyuma hapa Moshi, mjane wake aliniita nyumbani nikachukue sanduku la mbao la vifaa vyake vya kazi lililokuwa chini ya kitanda. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshafika na mizani yake. Mama alimkatalia, akaniambia, “Mwanangu, mimi sijui hata kimoja kinaitwaje, lakini marehemu hakuviweka hapa vipimwe kwa kilo.” Ninapenda kueleza, kama fundi, kwa nini alisema kweli, kwa sababu thamani ya vifaa vile imeandikwa kwenye chuma chenyewe, na aliyezoea kazi hii anaweza kuisoma.

Nianze na kifaa cha kukwangulia bushi, yaani pete ya shaba ambamo shafti huzunguka, ambacho Mzee alikitengeneza mwenyewe kwa tupa kuukuu ya pembetatu, akayasaga meno yote na kuzinoa kingo tatu hadi zikawa na makali ya kuondoa unyoya tu wa shaba pale shafti inapobana. Mpini ni wa mpera, na ubavuni una shimo dogo lililochimbwa na kidole gumba kwa miaka mingi. Nikikishika kwa mkono wa kulia, shimo hilo linakaa mahali pasipofaa. Alikuwa mtu wa mashoto.

Lakini kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni maikromita ya inchi moja, kifaa cha skrubu cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa, ya kampuni ya Moore & Wright, iliyotengenezwa Sheffield, Uingereza. Skrubu yake ina nyuzi 40 kwa kila inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili huisogeza ncha kwa inchi 0.025, na kwa kuwa pipa linalozungushwa limegawanywa kwa mistari 25, kila mstari ni inchi 0.001. Maikromita za milimita tulizozizoea sasa hufuata kanuni ileile: mzunguko mmoja ni milimita 0.5, mistari ni 50, na kila mstari ni milimita 0.01. Hata hivyo sijaiweka ya inchi kabatini, kwa sababu mashine kuukuu za kumenyea kahawa ninazoletewa zilitoka Uingereza, na shafti zake zilikerezwa kwa inchi.

Nilipotaka kujua hali yake, niliiacha usiku kucha juu ya meza moja na bloki za kipimo, yaani vipande vya chuma vyenye unene unaojulikana barabara, ili zote ziwe na joto moja, maana chuma kilichotoka kwenye kiganja cha mtu huwa kimetanuka. Asubuhi niliifunga, ikasoma sifuri sawasawa. Kwenye bloki ya nusu inchi ilikuwa sahihi, na kwenye inchi moja vilevile. Kwenye robo tatu ya inchi ilisoma pungufu kwa inchi 0.0005 hivi. Nilirudia mara nne, jibu likawa lilelile.

Sababu yake si ngumu. Nyuzi za skrubu hulika zaidi pale zinapobeba mgandamizo mara nyingi zaidi, na zikishalika, ncha husukumwa nyuma kidogo inapogusa kazi, hivyo pipa hulazimika kuzungushwa zaidi na kusoma kipimo kidogo kuliko ukweli. Shafti za robo tatu ndizo Mzee alizozikereza zaidi kuliko kazi nyingine yoyote, kwa ajili ya mashine za mkono za wakulima wa huko juu mlimani. Mamia ya shafti zile zimekwisha kuchakaa na kutupwa, lakini idadi yake imebaki kama ulikaji ndani ya skrubu hii.

Nati ya ndani inaweza kukazwa ili kupunguza ulegevu, lakini ukiikaza kwa ajili ya sehemu iliyolika, skrubu itakuwa nzito kwenye sehemu ambazo bado ni nzima. Nilikuwa nimeshaandaa ufunguo wake nilipokumbuka maneno ya penseli yaliyo ndani ya kifuniko cha sanduku, ambayo kwa miezi kadhaa nilidhani ni hesabu ya mteja fulani: “Robo tatu, ongeza nusu.” Yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya inchi. Alikuwa ameipima kabla yangu, akaamua kuiacha ilivyo, na mimi nimeurudisha ufunguo mahali pake.