Kwenye muundo wa marudio, wimbi linaloingia huanzia kwenye kuta

Mtu akinitumia faili la uigaji, yaani hesabu ya kompyuta inayoonyesha jinsi mwanga unavyopita kwenye muundo unaojirudia, na kuniambia majibu yake hayaeleweki, naanza kwa kuondoa muundo wote na kuacha seli (kipande kimoja cha marudio hayo) tupu yenye hewa peke yake. Kisha naendesha hesabu. Seli tupu haina cha kuakisi wala cha kufyonza, kwa hiyo wimbi lote linatakiwa kutokea upande wa pili. Mara nyingi halitokei. Hapo tunajua kwamba kosa halikuwa kwenye muundo. Lilikuwa kwenye namna wimbi la sumakuumeme lilivyoingizwa.

Muundo wa marudio tunauiga kwa seli moja, tukichukulia kwamba zilizobaki ni nakala zake. Ruhusa ya kufanya hivyo inatokana na hisabati ya Gaston Floquet ya mwaka 1883, ambayo Felix Bloch aliipeleka kwenye fuwele mwaka 1928: uga kwenye ukuta mmoja wa seli ni uleule wa ukuta unaouelekea, ila umezungushwa fezi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia kwenye mzunguko wake. Na fezi hiyo haiamuliwi na muundo, inaamuliwa na wimbi linaloingia. Likishuka wima juu ya uso, linazigusa kuta zote mbili kwa pamoja na tofauti ya fezi ni sifuri. Likija kwa mshazari, ukuta mmoja unaguswa kabla ya mwenzake.

Chukua seli yenye upana wa nanometa 500, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 600, pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye wima, ndani ya hewa. Upana mara sini ya pembe ni nanometa 250. Gawanya kwa 600, zidisha kwa 360, unapata nyuzi 150. Hiyo ndiyo fezi ambayo kuta lazima zipewe, pamoja na ishara yake. Ishara hiyo iliwahi kunilia wiki nzima. Chanzo changu, yaani sehemu ya programu inayorusha wimbi ndani ya seli, nilikiandika kwa kanuni moja ya muda (ishara ya kuonyesha fezi inavyobadilika muda ukienda), kumbe programu ilitumia kanuni ya kinyume kwenye kuta. Kwa hiyo chanzo kilituma wimbi upande mmoja na kuta zikatarajia wimbi la upande mwingine. Kilichonichelewesha ni kwamba pembe ya sifuri ilitoa majibu safi kabisa, kwa sababu sifuri haina hasi wala chanya. Tangu hapo sikubali uigaji uliopimwa kwa wimbi la wima peke yake.

Ndiyo maana nashauri usianze na chanzo. Anza na ile sehemu ya vekta ya wimbi (mshale unaoonyesha mwelekeo wa wimbi na jinsi fezi yake inavyobadilika kwa umbali) inayolala sambamba na uso, kisha chanzo na kuta vyote viisome thamani hiyo moja kutoka mahali pamoja. Usiiandike mara mbili.

Wanaotumia mbinu ya hatua za muda, inayofuata uga kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda, ile aliyoanzisha Kane Yee mwaka 1966, wana mtego wao. Mpigo mmoja unabeba urefu wa mawimbi mwingi kwa pamoja, lakini kuta zimepewa thamani moja tu. Ukipanga nyuzi 30 kwa nanometa 600, basi nanometa 500 inaingia kwa nyuzi 24.6, nanometa 800 kwa nyuzi 41.8, na ile ya 1200 inalala kabisa juu ya uso. Iliyo ndefu kuliko hiyo haisafiri hata kidogo, inafifia hapohapo. Nimeona grafu nyingi zilizoandikwa “nyuzi 30” kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mstari, ilhali nukta moja tu ndiyo iliyokuwa na pembe hiyo. Mimi huendesha hesabu kadhaa, kila moja na thamani yake ya kuta, kisha nasoma pembe ninayoitaka kwa kukata ramani ya majibu yote. Kama nahitaji urefu wa mawimbi machache tu, natumia mbinu inayohesabu masafa moja moja na kuepuka usumbufu huo.

Kisha kuna oda za difraksheni, yaani miale ya ziada ambayo muundo unaojirudia huitupa kwenye pembe maalumu. Katika seli yetu ileile, wimbi la wima halizalishi oda ya ziada upande wa hewa, lakini kama chini kuna kioo chenye kipeo (kiwango cha kupinda mwanga) cha 1.5, mbili zinatoka ndani yake kwa nyuzi 53. Inamisha wimbi hadi nyuzi 30 na hewani inazaliwa oda inayorudi kwa nyuzi 44. Poti, yaani mpaka wa juu au wa chini unaopokea mawimbi yanayotoka, ambayo haikuandaliwa kwa oda hiyo itairudisha ndani ya seli, nayo itaonekana kama sifa ya muundo. Tabaka la kumeza mawimbi, linalowekwa juu na chini ya seli ili yanayotoka yasirudi, nalo huchoka kwenye mishazari mikali: lile linaloakisi sehemu 1 kwa milioni kwa wimbi la wima, kinadharia linaakisi takriban asilimia 9 kwenye nyuzi 80. Kwa hiyo miruko mikali ambayo Robert Wood aliiona mwaka 1902, na Rayleigh akaihusisha mwaka 1907 na oda inayopita sambamba na uso, inatokea pale hasa ambapo tabaka hilo ni dhaifu. Ukikuta mruko hapo, nenepesha tabaka kwanza kabla ya kuuamini.

Kuhusu nishati nitasema machache. Inayoingia kwenye seli ni ya wimbi mara eneo mara kosini ya pembe. Seli tupu ikikupa 0.866 mahali pa 1 kwenye nyuzi 30, umeisahau kosini.

Seli tupu ikipita, naweka kioo chenye uso bapa mmoja kinachojaza upande wote wa chini, kipeo 1.5, wimbi la nyuzi 45. Uga wa umeme ukiwa sambamba na uso, kinachoakisiwa lazima kiwe asilimia 9.2, ukiwa ndani ya bapa la kuingilia (lile lenye mwale unaoingia na mstari wa wima wa uso), asilimia 0.85. Narudia kwa nyuzi hasi 45. Namba zikibaki zilezile, ndipo narudisha muundo.