Main Street ya Jinja: yanayosemwa kuhusu sanaa na urithi, na yaliyo kweli

Kila watu wa Jinja, mashariki mwa Uganda, wanapozungumzia kuifufua Main Street kwa sanaa, maneno ni yaleyale, madukani na kwenye vikao. Mengi husemwa kwa nia njema, lakini huua kazi kabla haijaanza. Jinja imekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, na mtaa wake mkuu unastahili kuzungumziwa kwa ukweli.

"Majengo yale ni ya Wahindi. Urithi wetu uko kijijini."

Hili ndilo lenye madhara kuliko yote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Waliojenga kwa fedha zao walikuwa Wahindi. Alidina Visram, ambaye watu wa Mombasa wanalijua jina lake kwa shule, alifungua maduka katika miji mingi ya Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Baada yake zikaja familia nyingi kutoka Gujarat. Waliipa Jinja sura iliyo nayo hadi leo: duka chini, nyumba juu, baraza yenye nguzo mbele ili mteja asinyeshewe, na juu kabisa kwenye uso wa jengo, jina la mwenyewe na mwaka wa kujenga, herufi zimeinuliwa kwa saruji. Ukitembea huku umeinua macho unausoma mji.

Lakini nani alibeba tofali? Nani alinunua? Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954, na katika miaka hiyohiyo kikaja kiwanda cha nguo cha Nytil na kile cha kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa treni kutoka migodi ya Kilembe, magharibi mwa Uganda. Vibarua na mafundi walifika kutoka Busoga yenyewe, yaani eneo la Wasoga ambamo Jinja imo, kaskazini, magharibi na ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Walijaa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi, na kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha yake, Kiswahili kikawa cha kuelewana. Mshahara wa watu hawa ndio uliokuwa ukimiminika Main Street kila mwisho wa mwezi.

Halafu ukaja mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti Idi Amin, aliyekuwa rais, alitangaza Waasia, wakiwemo Wahindi hawa, waondoke, na muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Maduka yakagawiwa, familia nyingine zikahamia ghorofani, watoto wakazaliwa humo. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya wenyewe kurudishiwa mali, na majengo mengi yalirudi mikononi mwao katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mlango mmoja unaweza kuwa na historia tatu: ya aliyejenga, ya aliyepewa, na ya mpangaji anayefungua duka asubuhi ya leo. Mchoro wa ukutani unaomwonyesha mmoja tu kati ya hao haujauheshimu mtaa. Najua mazungumzo ya 1972 bado yanauma pande zote mbili, na wapo wanaosema tuyaache. Mimi naona mradi unaoyakwepa haujagusa urithi wa Jinja hata kidogo.

"Sanaa ya mtaani ni kupaka rangi tu."

Rangi tunayo tayari, na nyingine imetuharibia. Kampuni za simu na za bidhaa nyingine huwapakia wenye maduka bure, ukuta mzima rangi ya kampuni na nembo juu. Tabaka moja, la pili, la tatu, mpaka herufi zile za saruji zinafunikwa na mwaka wa jengo hausomeki tena. Kuta za zamani zilizopigwa lipu ya chokaa huumia zaidi, maana chokaa huvuta unyevu na kuuachia. Ukiiziba kwa rangi ya mafuta, maji hubaki ndani, lipu inavimba na kudondoka vipande. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msanii inaweza kuwa kubandua: kuiondoa rangi polepole kwa brashi laini mpaka jina litokee, kisha kulichora upya jinsi lilivyokuwa.

Na sanaa si ukuta peke yake. Busoga ina bigwala, tarumbeta za vibuyu virefu zinazopigwa kwa seti ya tano au zaidi. Kila tarumbeta hutoa sauti moja tu, hivyo wimbo haupatikani mpaka wapigaji wapokezane, kila mmoja akiingia mahali pake, huku wakizunguka ngoma kwa kucheza. Ulikuwa muziki wa kutawazwa kwa wafalme na wa mazishi yao. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa kuwa wazee wenye ujuzi kamili walikuwa wamebaki wachache mno.

Sasa fikiria mratibu anayetaka bigwala ipite Main Street Jumamosi ijayo. Haiwezekani. Kibuyu cha urefu ule lazima kipandwe, kikue, kikauke, kikatwe vipande na kuunganishwa. Vijana lazima wakae na mzee wajifunze kusubiri zamu yao. Mradi makini huanza shambani, miezi mingi kabla ya siku ya maonyesho, na bajeti yake huwa na mstari wa mbegu. Nikiona bajeti ya tamasha yenye jukwaa, vipaza sauti na fulana tupu, najua urithi haumo.

"Wakija watalii mtaa utafufuka."

Watalii wanakuja Jinja tangu zamani. Wanakwenda kwenye chanzo cha Nile, wanapanda maboti, wanaondoka. Barabara kuu ya kutoka Kampala haiingii katikati ya mji, na daraja jipya la Nile lililofunguliwa Oktoba 2018 limewarahisishia safari hata wasiotaka kusimama. Main Street haikudhoofika kwa kukosa wageni. Ilidhoofika viwanda vilipodorora na mishahara ya Walukuba ikakauka. Wanaoweza kuirudishia uhai ni watu wa Jinja wenyewe, wakiwa na sababu ya kukaa mtaani nusu saa zaidi.

Ndiyo maana macho yangu yako kwenye baraza. Hapo ndipo fundi cherehani anapoweka mashine yake, mama anauza nyanya, kijana wa roleksi anakunja chapati na mayai jirani na kijiwe cha boda boda. Ukileta simulizi za wazee zisikike hapo kila mwezi, kwa siku inayojulikana, fundi anapata wateja na mzee anapata wasikilizaji. Ukiwafukuza wote hao ili picha zitoke safi, umebakiwa na mapambo. Nimesema kila mwezi kwa makusudi. Tamasha kubwa la mara moja kwa mwaka hujaza hoteli siku mbili, na Jumatatu mtaa unakuwa vilevile.

"Kwanza mitaro na taa, sanaa baadaye pesa zikibaki."

Pesa hazibaki kamwe. Uingereza, kati ya 2020 na 2024, shirika la Historic England liliendesha mpango wa pauni milioni 95 kwa mitaa mikuu zaidi ya 60 ya miji yao, na ukarabati wa majengo ulikwenda sambamba na shughuli za sanaa za wenyeji. Hatuna pauni hizo, ila mpangilio wa kazi tunaweza kuuiga. Anayechimba mtaro na anayekusanya historia ya jengo wakutane kabla baraza haijavunjwa.

"Majengo ya zamani yanalindwa na sheria, hakuna atakayeyabomoa."

Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria mpya ya makumbusho na maeneo ya kihistoria, badala ya ile ya 1967. Ni hatua nzuri. Lakini ulinzi mkali ni wa mahali palipotangazwa rasmi, na duka la mtu binafsi lisilotangazwa linaweza kushuka chini wiki moja likapanda jengo la vioo. Kuorodhesha, kupiga picha na kuandika ni kazi ya kufanywa sasa.

"Msanii apewe nauli na soda, atapata jina."

Jina halilipi kodi ya nyumba. Mchoraji anapanda jukwaa la mbao juani siku nzima, na mzee wa bigwala ametumia maisha yake kujifunza. Walipwe, na waandikiwe mkataba. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mchoraji haki juu ya kazi yake hata kama ukuta ni wa mtu mwingine, kwa hiyo kampuni inayotaka kuutumia mchoro wake kwenye tangazo imwombe ruhusa kwanza. Mwenye jengo naye aandikiane na mradi kabla ya brashi kugusa ukuta: mchoro utakaa miaka mingapi, nani ataukarabati, na kodi ya wapangaji wa chini haitapandishwa kwa kisingizio kwamba mtaa umependeza.