Je, wajua kwa nini kalipa na maikromita hutofautiana zikipima kitu kilekile?

Pima kipenyo cha kichwa kimoja cha risasi kwa kalipa ya kidijitali (kipimio chenye taya mbili, moja ikiteleza kwenye ufito), kisha kwa maikromita (kipimio kinachobana kitu kwa skrubu). Ya kwanza inaweza kukupa milimita 7.80, ya pili 7.82. Mbona mafundi wanaojaza upya maganda ya risasi huiamini ya pili?

Siri iko kwenye umbo. Mistari ya vipimo ya kalipa iko kwenye ufito wake, lakini kitu unachokipima kimebanwa pembeni, katikati ya taya. Taya linaloteleza likilegea na kuinama kidogo tu, kosa linaongezeka kadiri kitu kilivyo mbali na ufito. Mjerumani Ernst Abbe alieleza jambo hili mwaka 1890: kipimio na kinachopimwa vikae kwenye mstari mmoja. Maikromita ndivyo ilivyo. Skrubu yake kwa kawaida husogea milimita 0.5 kila mzunguko, na kikombe kinachozungushwa kina mistari 50, hivyo mstari mmoja ni milimita 0.01. Isitoshe, mwishoni kuna kifundo kinachoteleza kwa mlio wa tik-tik mguso ukitosha. Kwenye kalipa, nguvu ya kubana ni ya kidole chako, na vidole havilingani.

Usidanganywe na kioo. Kalipa nyingi huonyesha hadi sehemu ya mia ya milimita huku zikiruhusiwa kukosea milimita 0.02 au 0.03.

Hata hivyo kalipa si ya kutupa. Kwa urefu wa ganda au wa risasi nzima inatosha kabisa, na ni ya haraka. Unene wa shingo ya ganda ni habari nyingine: uso bapa wa kipimio haukai vizuri ndani ya mviringo, hugusa kingo na kusoma unene usiokuwepo. Hapo hutafutwa maikromita yenye ncha ya duara. Mimi ningenunua kalipa nzuri kwanza, maikromita baadaye.

Chochote utakachochagua, safisha nyuso, funga, angalia kama inasoma sifuri. Sifuri pekee haitoshi. Pima pia kipande cha chuma chenye urefu unaojulikana. Vipande hivyo vilibuniwa mwaka 1896 na Mswidi Carl Edvard Johansson, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha bunduki mjini Eskilstuna. Nyuso za vipande hivyo ni laini na bapa kiasi kwamba ukivisugua pamoja vinang'ang'aniana bila gundi.