Farasi akigoma kutoa mguu: maswali kuhusu maumivu wakati wa kukata kwato

Swali: Farasi wetu alikuwa mpole. Sasa anampiga fundi wa kwato teke kila akishikwa mguu wa nyuma. Ni ukaidi?

Mnyama aliyezoea kutoa miguu kisha akabadilika, mchukulie kuwa mgonjwa hadi uchunguzi uonyeshe vingine. Asiyefunzwa hugoma miguu yote, tangu mwanzo. Mwenye maumivu mara nyingi hugoma mguu mmoja, au hutulia dakika mbili kisha akaunyakua. Msimpige. Atamwogopa fundi, na dalili tunayoitafuta itazidi kufichika ndani ya hofu.

Swali: Tuanzie wapi?

Kabla fundi hajafika, asubuhi jua halijawa kali. Hesabu mapigo ya moyo: farasi mzima aliyetulia huwa na 28 hadi 44 kwa dakika. Shika kila ukwato kwa kiganja, ulinganishe joto lake na la mwenzake. Kisha weka vidole viwili nyuma ya kifundo, pembeni, utafute mshipa. Katika mguu mzima mapigo hayo hupatikana kwa shida. Yakigonga kwa nguvu, kuna uvimbe ndani ya ukwato. Mwisho, mtembeze kwenye ardhi ngumu na umzungushe pande zote mbili huku mtu akimpiga video. Akikimbia polepole, kichwa huinuka pale mguu wa mbele unaouma unapokanyaga.

Swali: Anakataa kutoa mguu wa mbele wa kushoto, lakini hatuoni kasoro.

Kagueni wa kulia. Mmoja ukiinuliwa, mwenzake hubeba uzito wake, na huo ndio unaoweza kuwa unauma. Akikataa yote miwili ya mbele, kwato zina joto na amejiegemeza nyuma, simamisheni kazi mumwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Huenda tishu zinazoshikilia ukwato kwenye mfupa zimevimba. Msimlazimishe kutembea.

Swali: Na mguu wa nyuma?

Angalieni anagoma ukiwa umefika wapi. Viungo vya mguu wa nyuma hukunjika pamoja, kwa hiyo fundi anayeuinua juu sana anavikunja vyote kwa mpigo. Akivumilia mguu ukiwa chini lakini akaruka unapopandishwa, shuku goti au kiungo kilicho chini yake. Akichukia kuvutwa kwa nje, shuku nyonga au kiuno. Mguu ukirukia juu wenyewe ukitetemeka, mkia nao ukiinuka, inaweza kuwa hitilafu ya neva, na mafunzo hayatamponya.

Swali: Mbona matatizo huongezeka wakati wa mvua?

Kusini mwa Uganda mvua huja Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba. Banda lenye matope hulainisha ukwato. Uchafu huingia, usaha hujikusanya, na mnyama huchechemea ghafla. Harufu mbaya na uchafu mweusi katikati ya unyayo ni dalili ya kuoza: safisha kila siku, umhamishie pakavu. Akichomwa na msumari, weka alama mahali ulipoingilia na umuulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda. Farasi huathirika upesi sana na ugonjwa huo.

Punda wanaobeba mizigo kwenye miteremko ya Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, wanahitaji jicho kali zaidi, kwani huficha maumivu kuliko farasi.

Swali: Tunaweza kumpa dawa ya maumivu fundi akija?

Kwa agizo la daktari tu, kwa kuwa dozi ikizidi huchubua tumbo na kudhuru figo. Daktari anaweza kuitumia kwa siku chache kama kipimo: akitulia, maumivu yapo. Asipotulia, bado hatuwezi kusema hana maumivu, maana mengine hayasikii dawa hiyo.

Siku ya kazi, fundi ashike mguu chini, aushushe mara kwa mara kabla mnyama hajaunyakua, na aanze na ule usiouma. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8. Zikiachwa zirefuke, kazi ya siku hiyo huwa ndefu na mguu hukaa juu muda mrefu zaidi.