Betri inalala kila ukipaki gari? Usikimbilie kununua nyingine

Kuna mama mmoja wa huku Sakina, Arusha, alikuja karakana ya chuo mwezi wa saba, kashuka kwenye bajaji na betri mpya miguuni, stika bado inang'aa, anasema walimu nisaidieni hii ni ya pili ndani ya wiki sita na yenyewe imeanza tabia za mwenzake. Jioni anapaki gari nzima, asubuhi anapiga stata anasikia tik tik tik basi, anaita kijana wa jirani wanabusti, kesho yake tena. Na kila fundi aliyempitia kamwambia neno moja, mama badilisha betri.

Tukachaji ile betri, tukamwambia alete gari yenyewe, tukaifunga. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa kasimama tu kule nyuma hana hata spana mkononi akauliza, mwalimu mbona taa za breki zinawaka na ndani hakuna mtu? Kumbe pale juu ya pedeli ya breki kuna kipira kidogo kama kifungo cha shati, hicho ndo kinachobonyeza swichi ya taa ukiachia mguu, na kwenye hizi Toyota zetu za siku nyingi kikizeeka kinamung'unyika kinaanguka, pedeli inarudi vizuri lakini swichi haibonyezwi, kwahiyo taa zinawaka usiku kucha. Yule mama hakuwahi kuziona sababu anapaki nyuma ya gari ikiwa imegusa ukuta. Sasa piga hesabu, balbu mbili za wati 21 zinakula ampia 3.5, zidisha kwa masaa 10 ya usiku unapata 35, yaani ampia-saa 35, ndicho kipimo cha ujazo wa betri, na betri ndogo ya gari ndogo kama ile, NS40, inabeba humohumo 35. Hata angenunua betri ya tatu ingelala tu.

Mimi nafundisha umeme wa magari na nikiletewa betri iliyolala nakataa kuijadili peke yake. Betri ni kama simtanki juu ya nyumba. Ukikuta halina maji asubuhi, ama maji hayakuingia, ama kuna bomba linavuja, ama tenki lenyewe lina ufa. Watu wengi wanaanza na la tatu kwa sababu ndilo lenye kitu cha kuuziwa.

Kabla ya yote tafuta testa (multimita), hizi za namba zinauzwa kila duka la umeme. Pima betri asubuhi kabla hujagusa chochote, hata mlango. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.4 robo imeshaondoka, 12.2 umebaki na nusu, 12.0 umebaki kama robo, chini ya 11.8 hiyo imelala hata kama redio bado inaimba. Hapo watu wengi wanachanganyikiwa, taa zinawaka vizuri kabisa alafu gari haiwaki, anasema betri nzima shida ni stata. Taa inataka ampia chache tu, stata inavuta ampia mia na zaidi kwa mara moja. Alafu washa gari upime tena ikiwa inaunguruma, lazima usome kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12 na kitu basi altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, haichaji, angalia mkanda wake kwanza kabla hujamlaumu mtu. Ukiona 15 na kwenda juu inachaji kupita kiasi, inachemsha maji ya betri na utaiua pia.

Na hapa naomba niseme kitu kwa hasira kidogo. Ile tabia ya kuchomoa kichwa cha betri gari ikiwa inawaka eti "tuone kama altaneta inachaji", acheni. Zamani kwenye Land Rover 109 ilikuwa haina shida sana, gari ya leo ina kompyuta, ukichomoa betri umeme unaruka juu ghafla na unaweza kuunguza kontrol boksi ambayo bei yake ni betri kadhaa. Hali kadhalika kupiga shoti na spana juu ya betri ili kuona cheche. Betri ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, inataka cheche moja tu ipasuke, na ndani mna asidi ya salfa, na macho hayana spea.

Haya, kuvuja. Kila gari ya kisasa inakula umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, saa, alamu, kompyuta inayokumbuka mambo yake. Kiasi kinachokubalika ni mpaka miliampia 50 hivi, yaani ampia 0.05. Kwa siku ni 1.2, kwa betri ya NS60 yenye 45 unafika nusu baada ya siku kama 19. Kwahiyo ukisafiri mwezi mzima ukarudi ukakuta imelala, gari haina ugonjwa. Ila kama inalala kwa siku mbili tatu, kuna kitu kinakula pembeni, na nitakwambia wanaokula tunaowakuta sana.

Wa kwanza redio. Redio ina waya wa njano ambao una umeme muda wote ili ikumbuke stesheni, na mwekundu unaopata umeme ukifungua funguo. Fundi mvivu akikosa waya wa funguo anausokota mwekundu pamoja na wa njano, redio inapiga vizuri kabisa na wewe unafurahi, ila haizimi kamwe, na kama una amplifaya ya besi basi nayo inakesha nayo. Wa pili traka na alamu zilizofungwa baadae, hasa ile ya pili ambayo ilifungwa bila kutoa ya kwanza, nimeshakuta gari ina traka tatu, mbili za wamiliki waliopita. Wa tatu taa ya kwenye dashibodi kule unapoweka kadi ya gari, au ya buti, hizi huzioni mlango ukifungwa, weka simu yako humo ikiwa inarekodi video ufunge utaona kama inazima. Wa nne chaja ya simu au inveta iliyoachwa kwenye tundu lenye umeme muda wote. Wa tano altaneta yenyewe, diodi zake, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zikiungua umeme unarudi nyuma kupitia humohumo, na huyu ndo anawasumbua mafundi sababu hapiti kwenye fyuzi za ndani, unachomoa fyuzi zote na bado mita inasoma. Ukigusa altaneta asubuhi gari haijawashwa ukaikuta ya vuguvugu, mshike huyo.

Kumpata mwizi mwenyewe: unazima kila kitu, unafungua boneti, unafungua kichwa cha hasi kwa spana namba 10, unaweka testa kwenye ampia 10 katikati ya kile kichwa na nguzo ya betri ili umeme wote upite ndani ya testa. Milango iwe imefungwa. Mwanzoni itasoma juu, usikurupuke, subiri nusu saa kompyuta za gari zilale, alafu ndo usome. Ikiwa juu ya 0.05 anza kuchomoa fyuzi moja moja, ile itakayoshusha namba ndo njia ya mwizi. Usijaribu kuwasha gari testa ikiwa imefungwa hivyo, utaunguza fyuzi ya testa palepale, wanafunzi wangu wameshaunguza nyingi.

Kuna mvujo mwingine watu wanaucheka nikiwaambia. Vumbi letu la kiangazi likichanganyika na ukungu wa asidi juu ya betri linatengeneza njia, umeme unatembea taratibu kutoka chanya kwenda hasi juu ya plastiki. Gusa ncha moja ya testa kwenye nguzo, nyingine juu ya uchafu, utaona inasoma. Osha kwa maji yenye magadi soda, vifuniko vikiwa vimekazwa, suuza, kausha. Ile ya kumwagia soda ya Coca inakula kutu kweli ila inaacha sukari, umetoa uchafu umeweka gundi.

Kutojaa nako kuna wenyewe. Kuna mzee mmoja Moshi, mstaafu, gari inakaa Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili anaenda nayo kanisani dakika kumi, anarudi dakika kumi, analalamika betri hazidumu siku hizi. Nikamwambia shikamoo mzee, tupige hesabu. Wiki nzima gari imekula 8 na zaidi kidogo hata bila mwizi, dakika 20 za mwendo wa pole na taa na feni zimewashwa zinarudisha mbili, tatu ukibahatika. Kila wiki unaongeza deni. Na betri ikikaa muda mrefu nusu, pleti zake za risasi zinaota chembechembe ngumu za salfeti ambazo chaja haiwezi kuzirudisha zote, ndo maana betri inakufa kwa kukaa kuliko kwa kutumika. Mzee akanijibu, sasa meku unataka niende Arusha na kurudi kila wiki kilomita 160 nachaji betri? Hapana, nunua chaja ndogo, betri ya 45 ichaji kwa ampia 4 au 5 usiku kucha, mara moja kwa mwezi. Na usidanganyike kuwasha gari dakika tano kila asubuhi "ipate moto", hiyo hairudishi kitu cha maana.

Betri kutoshika chaji ni uzee tu. Watu wa Moshi mjini mna joto la Januari na Februari, joto ndo linaloua betri kwa ndani, ila kifo chake kinaonekana mwezi wa sita na wa saba asubuhi ya baridi, oili nzito, betri dhaifu. Sisi wa Ngaramtoni tunaona hayo kila mwaka. Kama betri yako ni ya kuongeza maji, ongeza maji ya betri (distilled water) tu. Sio asidi, asidi haipungui, kinachopungua ni maji. Na sio maji ya bomba, haya maji yetu ya Arusha yenye floraidi na madini yametuachia meno ya kahawia, pleti utazifanyaje.

Ikishalala umebaki na kubusti. Waya mwekundu kwenye chanya ya iliyolala, mwisho wake kwenye chanya ya nzima, mweusi kwenye hasi ya nzima, na mwisho wa mweusi usiuweke kwenye betri iliyolala, uubane kwenye chuma cha injini mbali na betri, sababu ni ile gesi niliyosema. Acha gari nzima iungurume dakika tano ndo upige stata. Ikiwaka toa kwa kurudi kinyume. Na jambo ninaloomba mlikariri: usibusti gari ndogo kutoka kwenye Fuso. Lori lile lina betri mbili zilizoungwa, volti 24, gari yako ni 12. Konda ana huruma anakuja na waya mbio mbio, mshukuru umkatalie. Na ukiwa na haibridi, Aqua au Prius, isikubali kubusti wengine, betri yake ya 12 ni ndogo na iko kwa kazi nyingine.

Kusukuma ni kwa manyuo tu, gia namba mbili, otomatiki utachoka bure. Najua Kibosho na Machame watu wanapaki kwa kutazama mteremko makusudi, asubuhi wanaachia tu, ni akili nzuri ila mkumbuke injini isipowaka breki na usukani vinakuwa vizito kama jiwe, na chini huko kuna watoto wanaenda shule.

Nimalizie na wenye gari za utalii maana Aprili na Mei mvua za masika zinawakuta magari kumi yamepangwa yadi. Friji ya gari peke yake inakula wastani wa ampia moja hadi mbili, ukiisahau inawaka, betri ya N70 iko hoi siku ya pili. Zima friji, inveta na redio kolu kwenye swichi zake, alafu fungua kichwa cha hasi kila gari, andika kwenye karatasi tarehe na volti, rudi kila wiki tatu upime, ikishuka 12.4 chaji. Ni hivyohivyo kwa wanaokuja na gari toka Dar kula Krismasi Kichagani, wakapiga muziki wa gari uwanjani siku tatu injini imezimwa, tarehe 27 wanatafuta waya kijiji kizima. Ukifungua hasi kumbuka saa na stesheni zitapotea, redio nyingine za Japani zinadai namba ya siri ukirudisha umeme, itafute kabla. Na usifunge milango kwa rimoti funguo zikiwa ndani na boneti wazi, hiyo imeshamkuta mwalimu mmoja wa chuo chetu, simtaji jina, anaandika makala hii.