Herufi ya Daraja Haikuambii Urefu wa Gari-Nyumba

Mtu anayeanza kuchunguza magari-nyumba, yaani magari yenye injini yake pamoja na vitanda, jiko na choo ndani, hukutana mapema na herufi za madaraja A, B na C, na ni rahisi kudhani kwamba zimepangwa kwa ukubwa kama saizi za nguo. Hazikupangwa hivyo. Huko Amerika Kaskazini, mgawanyo huu unakotumika zaidi, daraja B ndilo fupi kuliko yote na daraja C liko katikati, kwa sababu herufi inaeleza jinsi gari lilivyoundwa, wala si urefu wake.

Gari la daraja A hujengwa juu ya chesi tupu ya basi au lori, yaani fremu isiyo na bodi, likawa na uso bapa na kioo kipana cha mbele, na urefu wake huwa takriban futi 25 hadi 45, sawa na mita 7.6 hadi 13.7. Daraja B ni gari la mizigo lililobaki na bodi yake ya kiwandani, kama vile Mercedes-Benz Sprinter au Ram ProMaster, ambalo ndani yake pamegeuzwa makazi. Kwa kawaida huwa na futi 17 hadi 24. Daraja C hubakiza kichwa cha gari na milango yake, kisha nyuma hujengewa kijumba ambacho aghalabu kina kitanda kinachotokeza juu ya dereva, na urefu wake huanzia futi 20 hivi hadi kufikia 35. Ni dhahiri kwamba mipaka hii inapishana: gari la futi 28 laweza kuwa A, laweza pia kuwa C. Barani Ulaya jina la daraja A hupewa gari ambalo mtengenezaji wa makazi ameliundia bodi yote, pamoja na sehemu ya dereva, hata kama lina mita 7 tu.

Namba iliyomo katika jina la modeli nayo isiaminiwe upesi. Mara nyingi namba kama 24 hudokeza urefu kwa kukadiria tu, au mpangilio wa vyumba, na gari lenyewe likazidi futi 25. Njia ya uhakika ni kulipima. Egesha gari mahali tambarare, teremsha timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, kutoka ncha ya mbele kabisa, weka alama ya chaki chini, fanya vivyo hivyo nyuma, kisha nyoosha futikamba kati ya alama hizo mbili, sambamba na gari. Futikamba ikifuata ubavu wa bodi itapinda na kukudanganya. Ncha ya nyuma ni chochote kilichochomoza kuliko vingine: bampa, ngazi, tairi la akiba au ndoano ya kuvutia tela.

Tofauti ya vipande hivyo si ndogo. Chukua gari la daraja B lenye mita 5.99, ambazo ni futi 19 na inchi 8. Likifungwa rafu ya baiskeli inayotokeza sentimita 60, linafika mita 6.59, yaani futi 21 na inchi 7. Katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimbo la Montana, barabara iitwayo Going-to-the-Sun hairuhusu kwenye sehemu yake ya mlimani gari linalozidi futi 21, bampa zikiwemo. Feri nyingi nazo hutoza nauli kwa urefu, na kilichofungwa nyuma huhesabiwa. Ndiyo maana mimi hushauri mwenye gari aandike vipimo viwili, chenye rafu na kisicho na rafu, avibandike karibu na usukani.

Kulinganisha madaraja kwa urefu wa nje pekee kuna kasoro nyingine, nayo ndiyo huwashangaza wanunuzi wengi. Daraja C hutumia sehemu ya urefu wake kwa boneti, ambayo hakuna anayelala humo, ilhali katika daraja A sakafu ya makazi huanza karibu na kioo cha mbele, na viti vya dereva na abiria vinaweza kugeuzwa vikawa vya sebuleni. Kwa hiyo magari mawili ya futi 30 yanaweza kutofautiana kwa nafasi ya ndani. Vyumba vinavyosukumwa nje ubavuni kama droo huongeza upana gari likiwa limesimama, bila kugusa urefu.

Barabarani, kinachoamua wepesi wa kukata kona ni umbali kati ya ekseli kuliko urefu wote. Pale umbali huo ulipo mfupi na mkia, yaani sehemu iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma, ni mrefu, gari hukunja kwa urahisi, lakini mkia wake hufagia upande wa pili, na dereva anayetazama mbele tu huusikia ukigonga nguzo kabla hajauona.