Meneja wa duka: dhana potofu na ukweli wake

Duka la hadiwea lenye wafanyakazi watano au sita huwa na mtu anayeitwa meneja, na mara nyingi ni muuzaji hodari aliyekabidhiwa funguo. Anajua bidhaa, anajua wateja, lakini hakuna aliyemweleza kazi mpya ni ipi. Hesabu zilizomo humu ni za mfano wa duka la aina hiyo Tanzania Bara.

Dhana: Mauzo yakiwa makubwa, duka liko salama.

Ukweli: Mauzo, faida na fedha iliyopo ni vitu vitatu tofauti. Tuseme kontrakta amechukua mali kauli mzigo wa shilingi 10,000,000 na atalipa baada ya siku 60. Mzigo huo mliununua kwa 8,500,000, na msambazaji anataka chake ndani ya siku 14. Daftari linaonyesha faida ya 1,500,000. Lakini kuanzia siku ya 14 hadi ya 60, yaani siku 46, duka linabeba pengo la 8,500,000, na humo humo kuna pango, mishahara na mzigo mpya wa kuagiza. Kama duka limesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kodi ya mauzo hayo inaingia kwenye ritani, yaani taarifa ya kodi, ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kontrakta awe amelipa au hajalipa. Saruji inaisha, wateja wa fedha taslimu wanahamia kwa jirani, na mtaji unakatika wakati vitabu vinasema kuna faida.

Dawa yake ni karatasi moja. Chora safu 13, moja kwa kila wiki ijayo. Kila safu andika fedha iliyopo Jumatatu, itakayoingia kwa uhakika (si ahadi), itakayotoka, na baki. Isahihishe kila Jumatatu. Wiki itakayosoma hasi utaiona mapema, wakati bado unaweza kumwomba msambazaji muda au kuahirisha mzigo. Kisha kila mkopaji awe na kikomo cha deni na tarehe ya kulipa. Tarehe ikipita, hachukui hata msumari mpaka apunguze. Sheria hii ikivunjwa kwa mteja mmoja mkubwa, imekufa kwa wote.

Dhana: Ukipunguza bei kwa asilimia 10, unapoteza asilimia 10 ya faida.

Ukweli: Koki uliyoinunua 8,000 na kuiuza 10,000 inakupa 2,000. Ukiiuza 9,000 inabaki 1,000, nusu ya faida ghafi imekwenda, na sasa lazima uuze koki mbili kupata ulichokuwa ukipata kwa moja. Zingatia pia kwamba ile 2,000 ni asilimia 25 ya bei ya kununua lakini ni asilimia 20 tu ya bei ya kuuza. Anayetaka asilimia 25 ya bei ya kuuza agawe 8,000 kwa 0.75, apate kama 10,670. Wauzaji wengi huzidisha kwa 1.25, wakabaki wanashangaa faida ya mwezi kupungua.

Dhana: Weka ndugu kwenye droo, wizi utakwisha.

Ukweli: Undugu si udhibiti, na kumtwisha ndugu kazi zote ni kumweka pabaya yeye mwenyewe. Kinachozuia upotevu ni kutenganisha kazi: anayeagiza mzigo asiwe anayeupokea stoo, na anayepokea fedha asiwe anayeandika leja. Kwenye duka dogo ambako watu hawatoshi, meneja achukue moja ya kazi hizo. Kufunga siku kuwe hivi: fedha ya mauzo ya siku iliyomo kwenye droo ukiondoa ya kuanzia, jumlisha iliyoingia kwa namba ya lipa, jumlisha mali kauli ya siku hiyo, jibu lilingane na ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Kila asubuhi hesabu bidhaa kumi, ukianza na zile za bei kubwa, badala ya kungoja kufunga mwaka. Tofauti ikionekana usikimbilie kushuku mtu: misumari hupokelewa kwa katoni na kuuzwa kwa kilo, vigae huvunjika bila kuandikwa, na mzigo uliorudishwa na fundi husahaulika mlangoni.

Dhana: Meneja bora yupo kila mahali na huamua kila kitu.

Ukweli: Mwaka 1916 Henri Fayol, Mfaransa aliyeongoza kampuni ya migodi, alizitaja kazi za uongozi kuwa ni kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Kuuza hakumo. Unapomkabidhi mtu kazi, mpe mambo manne: matokeo unayotaka, siku ya mwisho, mpaka wa mamlaka yake (mfano, punguzo hadi asilimia 3 bila kukuuliza), na saa ya kukupa taarifa. Lawama mbele ya mwenye duka inabaki yako.

Hata kuagiza mzigo kunaweza kukabidhiwa. Mkiuza mifuko 40 ya saruji kwa siku na lori linachukua siku 4 kufika, mnahitaji 160, na akiba ya siku 2 ni 80. Mtunza stoo akiona imebaki 240, anaagiza, hasubiri simu yako. Mzigo wa zamani utangulie kutoka, kwa maana saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu kwenye unyevu hupungua nguvu.

Dhana: Mfanyakazi akikosea, meneja anamfukuza papo hapo.

Ukweli: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki. Kwa kosa la nidhamu, chunguza kwanza. Mpe tuhuma kwa maandishi na angalau saa 48 za kujiandaa, kisha msikilize akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, ndipo uamue na kumpa uamuzi ulioandikwa pamoja na sababu zake. Ukiruka hatua hizo, hata aliyeiba kweli anaweza kushinda shauri lake CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa kasoro ya utaratibu.